Sona Katika Boti Zetu: Tunachochangia na Tutakavyokipima

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam

 

Kwa kawaida sisi wa Kamati ya Fedha tukisimama hapa ni kwa ajili ya kusoma mapato na matumizi, na hapo ndipo wengi wenu hukumbuka kwamba wana kiu na wanatoka nje. Leo tunaomba mkae. Tumepewa kazi ya kueleza kwa nini fungu kubwa la mchango wa mwaka huu linaombwa kwa ajili ya vifaa 10 vya sona, yaani vifaa vya kutafutia samaki, vya kufungwa kwenye boti ndogo za wavuvi wetu wa Kivinje.

Tangu habari hii itoke, maswali mawili yametufikia mara nyingi. La kwanza, kwa nini sona na si madawati. La pili, je, hatutawamaliza samaki. Yote mawili ni maswali ya watu wanaopenda kwao, na tutayajibu yote.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Kifaa hiki hakiongezi samaki hata mmoja baharini. Kinachoweza kupunguza ni petroli inayochomwa katika kumtafuta. Kwa hiyo tunaomba tukichangie kama kifaa cha kupunguza gharama, na tukipime kwa lita za petroli, si kwa kilo za samaki. Mengine yote tutakayosema yanatoka hapo.

Bildi isiyo na kamba

Watu wa pwani hawakuanza jana kupima bahari. Mabaharia wa zamani walikuwa na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba. Kilishushwa mpaka kigonge chini, kamba ikahesabiwa kwa pima, na nahodha akajua yuko wapi. Wapo waliopaka mafuta mazito chini ya ile risasi ili iokote mchanga au tope, wapate kujua wako juu ya nini. Na mpaka leo nahodha wa Kivinje huupata mwamba wake kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mnazi huu na kilima kile. Alama zikikutana, anajua amefika.

Sona ni bildi isiyo na kamba. Badala ya kushusha risasi, inashusha sauti. Kuna kichwa kidogo kinachozamishwa majini, ambacho mafundi wanakiita transdyusa. Kichwa hicho hupiga sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, kisha hunyamaza na kusikiliza mwangwi. Sauti baharini husafiri kiasi cha meta 1,500 kwa sekunde moja, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Penye kina cha meta 30, sauti itasafiri meta 60 kwenda na kurudi, na itarudi kabla hata ya sehemu ya 20 ya sekunde kwisha. Kifaa hupima muda huo, hukigeuza kuwa kina, na kukichora kwenye kioo.

Ujuzi huu una miaka mingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa Paul Langevin alitengeneza namna ya kutoa sauti hizo majini ili kusaka nyambizi. Mwaka 1948 huko Japani, familia ya Furuno ilitoa kifaa cha kibiashara kilichotengenezwa kwa ajili ya wavuvi. Kilichowasaidia ni jambo moja la maumbile: samaki wengi wana mfuko wa hewa ndani ya mwili, na hewa hurudisha mwangwi kwa nguvu kuliko nyama.

Jambo hilo ni la kukumbuka, maana linatuonyesha pia mipaka ya kifaa. Changu, chewa na kolekole wana mfuko huo na wataonekana vizuri. Kundi la vibua litaonekana kama wingu. Lakini nguru hana mfuko wa hewa. Papa na taa hawana. Pweza na ngisi hawana. Hao huonekana kwa shida au wasionekane kabisa. Kwa hiyo anayekokota chambo kutafuta nguru asidhani kioo kikiwa kitupu basi bahari nayo ni tupu. Ndiyo sababu tumependekeza vifaa hivi vianze kwa boti za mshipi na za madema, zinazovua kwenye miamba.

Kusoma kioo

Tumekaa na mafundi na manahodha kuhusu jambo hili, na tunawaomba wenye vijana baharini wawafikishie haya, kwa kuwa pesa nyingi hupotea kwa kusoma vibaya kilichochorwa.

Kwanza, kioo si picha ya bahari ilivyo. Ni kumbukumbu ya mwangwi uliokwisha kurudi. Ukingo wa kulia ndio sasa hivi. Vyote vilivyo kushoto kwake vimekwisha kupita chini ya boti. Nahodha anayeona kundi katikati ya kioo na kutupa mshipi hapo hapo wakati boti inatembea, atakuwa anatupa mahali ambapo kundi limebaki nyuma.

Pili, boti ikiwa imetia nanga, samaki mmoja aliyetulia chini yake atachora mstari mrefu, kwa sababu kifaa kinaendelea kumpiga sauti yule yule. Wingi wa michoro si wingi wa samaki. Boti ikitembea polepole, samaki mmoja anayevuka chini yake huchorwa kama upinde, kwa kuwa huingia ukingoni mwa sauti akiwa mbali kidogo, hufika chini kabisa ya boti, kisha hutoka.

Tatu, sauti inashuka kwa umbo la pia, nyembamba juu na pana chini. Kwa vichwa vingi vya kilohezi 200, upana wa duara linaloonekana chini ni kama theluthi moja ya kina. Penye meta 30 unaona duara la meta 10 hivi. Penye meta 5 huoni hata meta 2. Kwa hiyo kwenye maji mafupi ya karibu na mafungu kifaa kinaona kidogo mno. Na jambo kubwa la usalama: hakioni mbele. Kinaona chini tu. Mwamba ulio mbele ya omo utauona kwenye kioo wakati tayari uko juu yake. Kijana wa omo anayetazama rangi ya maji abaki palepale kwenye kazi yake.

Nne, chini pagumu hutoa mstari mzito wenye rangi kali, na mara nyingi mwangwi wa pili huonekana chini yake. Tope hutoa mstari hafifu. Kwa mvuvi wa mshipi, kujua hapa ni mwamba na hapa ni tope kuna faida kuliko kuona alama za samaki. Vifaa vingi vina sehemu inayochora visamaki vidogo kwenye kioo. Hayo ni makadirio ya kifaa chenyewe, na huweza kuchora kisamaki kwa ajili ya mwani unaoelea au mapovu. Mafundi wameshauri sehemu hiyo izimwe, nahodha ajifunze kusoma mwangwi wenyewe.

Kukifunga

Maduka huuza kifaa na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa boti za watu wa mbali, zinazolala gatini. Zetu hulala ufukweni, maji yakipwa zinakaa juu ya tope. Kwa hiyo ufungaji wetu una mambo yake.

Kwenye boti ya faiba, kichwa cha sona kinaweza kufungwa kwenye ubao wa nyuma. Kikae angalau nusu meta kutoka kwenye propela, na uso wake ushuke kidogo chini ya kitako cha boti ili upitiwe na maji safi. Sauti haipiti kwenye povu, maana povu ni hewa. Mashine nyingi za boti ndogo, ukizitazama kutoka nyuma, propela yake huzunguka kufuata mwendo wa saa, na kwa mashine hizo upande wa kulia ndio unaofaa. Kila tundu la skrubu lijazwe dawa ya kuzuia maji. Wapo wanaokibandika kichwa ndani ya boti bila kutoboa. Hilo huwezekana palipo na faiba tupu iliyoshikamana. Penye mbao au sponji katikati, sauti itaishia humo.

Kwenye mashua ya mbao usikibandike ndani. Kwa mashua, na kwa kweli kwa boti zetu nyingi, tumechagua mkono wa kukunja: bomba lililofungwa ubavuni kwa boliti, lenye kichwa cha sona mwishoni. Boti ikikaribia mwamba na kupunguza mwendo, mkono unashushwa. Boti ikiondoka kwa kasi au ikirudi dikoni, unanyanyuliwa. Maji yakipwa na boti ikalala, kichwa hakizikwi kwenye tope.

Umeme ni wa betri ya volti 12, na kifaa kiwe na betri yake peke yake. Mashine nyingi ndogo za kuvuta kamba hazichaji betri, na pale zinapochaji, umeme wake huleta chengachenga kwenye kioo. Kifaa kinachotumia nusu ampea, kikiwaka saa 10, kimetumia ampea-saa 5. Betri ya ampea-saa 12 haitafika nusu. Paneli ndogo ya sola dikoni itairudisha. Fyuzi ikae kwenye waya mwekundu, karibu na betri. Waya wa kichwa usikatwe hata kama ni mrefu, na usifungwe pamoja na waya za mashine. Wakirudi, kifaa kipanguswe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi. Magamba yanayoota kwenye kichwa yasikwanguliwe kwa kisu.

Mambo haya yanaonekana madogo. Lakini kwetu tunaotunza vitabu, kifaa kilichokufa kwa kutu katika mwezi wa nne ni hasara sawa na kifaa kilichoibwa.

Hesabu ya safari moja

Sasa tuingie kwenye kazi yetu. Tuchukue mfano. Tunasema mfano, kwa sababu bei ya petroli na ya samaki hubadilika, na kila mmoja wenu anaweza kuweka namba zake.

Boti yenye mabaharia 6 imetoka. Imechoma lita 40 za petroli, tuseme kwa shilingi 3,000 kila lita. Hiyo ni 120,000. Barafu 20,000, chakula 20,000. Jumla ya gharama ni 160,000. Mnadani samaki wameuzwa kwa 400,000. Gharama zikitolewa, inabaki 240,000. Tukigawa nusu kwa chombo na mashine, nusu kwa mabaharia, mwenye chombo anapata 120,000, na mabaharia 6 wanagawana 120,000, kila mmoja 20,000.

Sasa tuseme samaki ni wale wale wa 400,000, lakini nahodha ameokoa lita 10. Gharama imekuwa 130,000, kinachobaki ni 270,000. Mwenye chombo anapata 135,000. Kila baharia anapata 22,500. Hakuna samaki aliyeongezeka, na kila mtu kwenye boti ameongezewa.

Lakini hesabu inayotuuma zaidi ni ya safari tupu. Boti imechoma petroli ile ile ya 120,000 na imerudi na samaki wa kitoweo tu. Petroli ile mara nyingi ilitolewa kwa mkopo na tajiri anayenunua samaki. Deni haliishi siku ile. Linaingia kwenye safari inayofuata na kutolewa kabla ya mgao. Safari mbili tupu zikifuatana, kijana anatoka baharini safari ya tatu akiwa na samaki wa kutosha, na bado anaondoka dikoni na nauli. Vijana wetu wengi wanaofika hapa mjini kutafuta kazi yoyote hawakuikimbia bahari. Wamelikimbia deni la petroli.

Lita hizo 10 zinaokolewa wapi? Msimu wa kaskazi uliopita kikundi kimoja kilikubali kufungiwa kifaa cha majaribio, na nahodha wao alitueleza jambo ambalo hatukulipata kwenye karatasi za dukani. Miamba anaijua tangu utotoni. Tatizo lake ni usiku, mvua na ukungu, pale alama za nchi kavu zinapopotea. Zamani akihisi amefika alitia nanga, akashusha mishipi, akangoja, na baada ya muda mrefu akagundua mkondo ulimsogeza na yuko juu ya tope. Anang'oa nanga, anawasha mashine, anazunguka. Sasa katika dakika chache kioo kinamwambia kwamba chini ni tope, aondoke. Faida ya kwanza ya kifaa, kwake, ni kuambiwa mapema mahali ambapo hapana mwamba.

Hatutawasomea namba za boti moja ya msimu mmoja kana kwamba ni ushahidi kwa boti zote. Kaskazi hii inaweza kuwa njema na ile isiwe. Ndiyo maana kila kifaa kitakwenda na daftari. Kila safari itaandikwa mistari minne: tarehe, lita za petroli, saa walizokaa baharini, na mauzo ya mnadani. Safari tupu ziandikwe pia, tena hizo kwanza. Na jambo moja tulilowaahidi manahodha, tunalirudia hapa mbele ya wazee: daftari letu halitauliza mahali. Vifaa tunavyoomba vina GPS, na nahodha ataweka alama za miamba yake humo. Alama hizo ni urithi wake. Kamati haitaziomba, wala hairuhusu mtu wa kamati kuziomba.

Je, tutamaliza samaki?

Hofu hii ni ya kweli, na hatutaki ipuuzwe kwa sababu tu tuko kwenye harambee. Mtu mwenye sona na GPS anaweza kurudi kwenye jiwe lile lile usiku na mchana. Chewa wa aina nyingi hukusanyika pamoja majira ya kuzaa. Boti 10 zikilijua jiwe hilo, linaweza kumalizwa katika misimu michache, na petroli yote tuliyookoa itakuwa imenunua umaskini wa watoto wetu.

Kwa hiyo kifaa kinatolewa kwa masharti, na masharti yameandikwa. Boti iwe imesajiliwa na wavuvi wawe na leseni. Ivue kwa mshipi au madema. Mahali ambapo kikundi cha usimamizi wa bahari cha kijiji, BMU, kimekubaliana paachwe katika majira ya kuzaa, paachwe na kila mwenye kifaa. Na boti yoyote itakayokutwa na baruti itanyang'anywa kifaa siku hiyo hiyo na habari zake zitafikishwa kwa wenye mamlaka, hata kama nahodha ni mtoto wa mmoja wetu. Baruti imekatazwa na sheria za nchi, na inavunja mwamba ambao ndiyo nyumba ya samaki. Sona mkononi mwa mpiga baruti ni tochi mkononi mwa mwizi.

Kuacha mahali papumzike si jambo geni kwenye bahari yetu. Wenzetu wa Kisiwa Panza huko Pemba na wa Jibondo huko Mafia wamekuwa wakifunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha wanaifungua kwa pamoja na kuvuna pweza wakubwa. Makubaliano yaliwezekana huko kwa wavuvi wenyewe. Yatawezekana Kivinje.

Hii ndiyo sababu ya pili ya kupima kwa petroli. Mradi unaopimwa kwa kilo humsukuma kila nahodha aongeze kilo. Ukimpima kwa lita kwa kila safari, unamwambia kwamba anayerudi mapema na samaki wa kutosha ndiye aliyefanya vizuri.

Tunachoomba

Bajeti ya boti moja ni hii. Kifaa chenye GPS na kichwa chake, 750,000. Betri, 90,000. Paneli ya sola na kidhibiti chaji, 110,000. Mkono wa kukunja, boliti na kazi ya fundi, 120,000. Boksi la plastiki, waya na fyuzi, 50,000. Mafunzo ya nahodha na baharia mmoja, pamoja na daftari, 80,000. Jumla ni shilingi 1,200,000. Kwa boti 10 ni shilingi 12,000,000.

Hii si sadaka. Kikundi kitarudisha nusu ya gharama, 600,000, kidogo kidogo kutoka kwenye petroli iliyookolewa, na pesa hizo zitafunga kifaa cha boti nyingine. Tukirudi kwenye mfano wetu wa lita 10, boti inaokoa 30,000 kila safari. Gharama yote inarudi kwa safari 40. Boti inayotoka mara 15 kwa mwezi itafika huko kabla ya miezi mitatu ya bahari nzuri. Ikiokoa lita 5 tu, ni safari 80. Na kusi likivuma, boti ndogo hukaa dikoni, basi hesabu inasogea mbele. Tumepanga marejesho ya mwaka mzima ili mtu asilipishwe katika miezi ya upepo.

Na ikiwa daftari litaonyesha kwamba boti haikuokoa kitu? Tutakuja hapa tuseme hivyo. Kifaa kitahamishiwa kwenye boti nyingine yenye uvuvi unaokifaa, na kikundi kile hakitadaiwa zaidi ya kilichookoa. Hatari hiyo ibebwe na chama chetu, sisi wenye mishahara na biashara za mjini, asibebeshwe kijana ambaye tayari ana deni la petroli.

Kuhusu madawati: hayakufutwa. Yana fungu lake kwenye ukurasa wa bajeti, kama mwaka jana. Lakini tunawaomba mkumbuke kwamba mzazi anayerudi na 22,500 badala ya 20,000 ndiye anayenunua sare na daftari la mtoto anayekaa kwenye dawati hilo, na ananunua bila kuja kutuomba.

Ndugu zetu, fomu ya ahadi iko nyuma ya kijitabu hiki. Kuna nafasi ya kuahidi kifaa kizima, betri moja, paneli, au mkono wa kukunja. Wasio na uwezo huo wachangie waya na fyuzi. Familia tatu au nne zinaweza kuungana kwa boti moja. Mafundi wa umeme na wa faiba walio kati yetu tunawaomba siku mbili za kazi badala ya pesa, na tutaziandika kwenye vitabu kama mchango, kwa thamani yake.

Kila atakayelipa atapewa risiti. Ahadi zote zitasomwa kwenye mkutano wa robo mwaka, zilizolipwa na zisizolipwa, kwa majina. Mwakani, taarifa ya mradi huu itakuwa ukurasa mmoja tu: boti 10, lita kabla ya kifaa, lita baada ya kifaa, na marejesho yaliyoingia. Tutaibandika dikoni Kivinje kabla ya kuileta hapa, ili wale waliokuwa baharini wawe wa kwanza kutusahihisha.

 Mwenyekiti, meza ya ahadi iko wazi.